Pembe Chini ya Nira: Historia ya Utunzaji wa Pembe za Ng'ombe wa Kazi kutoka Nira ya Kichwa hadi Nira ya Bega

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna jamii mbalimbali zilivyotunza pembe za ng'ombe wa kazi, na sababu zilizofanya utunzaji huo utofautiane. Hoja kuu ni kwamba afya ya pembe haikutegemea huruma ya mwenye mnyama pekee, bali ilitegemea zaidi kazi ambayo pembe ilitakiwa kuifanya. Pale nira ilipofungwa kwenye pembe, utunzaji wake ulikuwa sharti la kazi yenyewe. Pale nira ilipowekwa begani, pembe ilibaki na kazi ndogo isiyoonekana kwa urahisi, na utunzaji wake ukasahaulika. Ushahidi unatoka Ulaya ya kale, Roma, Nova Scotia, India na Afrika Mashariki. Insha inahitimisha kwa kupima ushauri wa kuondoa pembe unaotolewa kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, na kuonyesha kwamba ushauri huo, ingawa una faida zilizo wazi kwa ng'ombe wa maziwa, unahitaji kufikiriwa upya unapomhusu maksai.

1.0 Utangulizi

Historia ya kilimo cha kukokotwa na ng'ombe imeandikwa zaidi kwa kufuata jembe. Wanahistoria wamefuatilia plau ilivyoingia katika wilaya fulani, nani aliimiliki, eneo la mashamba liliongezekaje, na mazao ya biashara yalifaidikaje. Nira nayo imepata nafasi kiasi, hasa katika maandishi ya wahandisi wa zana za kilimo. Mnyama mwenyewe hutajwa kwa idadi tu: jozi kadhaa za maksai kwa kijiji, vifo kadhaa kwa mwaka wa ukame. Pembe yake haitajwi kabisa, isipokuwa inapomjeruhi mtu.

Ukimya huo una hasara. Kwa maelfu ya miaka, katika sehemu kubwa ya dunia, pembe ndiyo iliyobeba mzigo wa jembe na gari. Hata pale ambapo haikubeba, ilishikwa kwa kamba, ilizuia nira isiteleze, na ilionyesha afya na thamani ya mnyama. Pembe iliyovunjika katikati ya msimu wa kulima ilimaanisha jozi moja imesimama, na jozi ikisimama, shamba halilimwi kwa wakati. Kwa hiyo swali la namna pembe ilivyotunzwa ni sehemu ya swali kubwa zaidi la namna kaya za wakulima zilivyolinda nguvukazi yao.

Insha hii haidai kwamba jamii zilizojadiliwa ziliathiriana moja kwa moja. Zimechaguliwa kwa sababu kila moja inaonyesha uhusiano tofauti kati ya pembe na kazi, na kwa kuzilinganisha inawezekana kuona kinachotokana na maumbile ya mnyama na kinachotokana na uamuzi wa binadamu.

2.0 Maumbile ya Pembe na Maana Yake kwa Kazi

Pembe ya ng'ombe hudhaniwa mara nyingi kuwa kitu kikavu kama kwato au ukucha. Dhana hiyo ni kweli kwa nje tu. Ganda la pembe limejengwa kwa keratini, na halina damu wala hisia. Chini ya ganda hilo kuna tabaka jembamba la ngozi hai, lenye mishipa mingi ya damu na ya fahamu. Tabaka hilo ndilo linalotengeneza ganda na kulishikilia. Katikati kuna mfupa unaotoka kwenye paji la uso wa fuvu. Ncha ya pembe ni keratini tupu, ndiyo maana inaweza kupigwa tupa bila mnyama kuumia. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea shinani, ndivyo anavyokaribia sehemu iliyo hai.

Kwa ndama mdogo, kichipukizi cha pembe hakijaungana na fuvu. Huelea chini ya ngozi kwa takriban miezi miwili ya mwanzo, kisha hushikamana na mfupa. Baadaye, uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa paji la uso huenea hadi ndani ya pembe. Jambo hili lina uzito mkubwa. Pembe ya ng'ombe mzima inapovunjika shinani, jeraha halibaki kwenye pembe, bali hufungua njia ya kuingia ndani ya fuvu. Vumbi, maji machafu na wadudu huweza kupita hapo, na usaha ukajikusanya kwenye uwazi huo. Mnyama huinamisha kichwa upande mmoja, hupoteza hamu ya kula, na kutokwa na ute wenye harufu mbaya katika tundu la pua la upande ulioumia. Maksai wa hali hiyo hafai kazi kwa majuma mengi, na wakati mwingine hafai tena kabisa.

Pembe pia huweka kumbukumbu. Kwa kuwa hukua kutoka shinani, vipindi vya njaa au ugonjwa huacha mikunjo kwenye ganda lake. Wafugaji katika nchi nyingi wamejua kusoma mikunjo hiyo wanapokadiria umri wa mnyama au namna alivyolishwa. Mnunuzi anayeshika pembe ya maksai mnadani anaweza kusoma sehemu ya historia ambayo muuzaji hakuitaja.

3.0 Ushahidi wa Kale: Alama za Kamba na Hoja ya Columella

Dalili za pembe kutumika kazini ni za kale kuliko maandishi. Katika makazi ya kale ya Bronocice, kusini-mashariki mwa Poland, waakiolojia Milisauskas na Kruk (1991) walieleza mifupa ya pembe za ng'ombe yenye alama za kubanwa na kamba. Hapo hapo ndipo kilipopatikana chombo cha udongo chenye mchoro unaofasiriwa kuwa ni wa gari la magurudumu. Alama hizo zina maana mbili. Kwanza, zinaonyesha kwamba ng'ombe walifungwa kwa pembe ili wafanye kazi. Pili, zinaonyesha kwamba kazi hiyo iliacha jeraha, kwa kuwa kamba iliyobana ganda kwa miaka mingi ilibadilisha umbo la mfupa ulio ndani. Kwa maneno mengine, ushahidi huu wa kale wa nguvukazi ya ng'ombe Ulaya ni pia ushahidi wa madhara kwa pembe.

Michoro ya makaburi ya Misri ya kale nayo inaonyesha ng'ombe wa kulima walioungwa kwa mti uliofungwa karibu na shina la pembe. Mfumo huu ulikuwa na mantiki yake. Ng'ombe wasio na nundu hawana mahali pa asili pa kuzuia mti usiteleze shingoni, ilhali pembe ni nguzo mbili zilizo tayari kushika kamba.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwandishi wa Kirumi Columella, mzaliwa wa Gades katika Hispania, aliupinga mfumo huo waziwazi katika kitabu chake kuhusu kilimo. Alieleza kwamba katika baadhi ya majimbo nira ilifungwa kwenye pembe, na kwamba karibu waandishi wote wa kilimo waliulaani utaratibu huo. Sababu yake ilikuwa ya kimaumbile: ng'ombe husukuma kwa nguvu zaidi kwa shingo na kifua kuliko kwa kichwa. Nira ya pembe, kwa maoni yake, humtesa mnyama, huvuta kichwa chake nyuma, na jembe hukwaruza juu ya udongo tu.

Columella hakuishia kwenye lawama. Katika sehemu ya kitabu inayohusu magonjwa ya ng'ombe, alitoa maelekezo kwa mnyama aliyevunjika pembe. Jeraha lifunikwe kwa vitambaa vilivyolowekwa katika chumvi, siki na mafuta, na mchanganyiko huo uendelee kumiminwa kwa siku tatu. Siku ya nne yapakwe mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na lami ya msonobari na gome lake lililosagwa. Kidonda kinapoanza kufunga, kisuguliwe kwa masizi. Maelekezo haya yana busara inayoeleweka hata leo: chumvi na siki husafisha, mafuta huzuia kitambaa kisigande, na lami huziba tundu na kuwafukuza nzi. Aidha, kuwapo kwake kunathibitisha kwamba kuvunjika kwa pembe lilikuwa tukio la kawaida kiasi cha kustahili tiba iliyoandikwa.

Hata hivyo, hukumu ya Columella haikumaliza mjadala. Nira ya pembe iliendelea kutumika katika Hispania alikozaliwa, kusini mwa Ufaransa, na katika sehemu za milima za Ulaya ya kati kwa karne nyingi baada yake. Wahispania na Wareno waliivusha hadi Amerika ya Kusini. Utaratibu unaodumu kwa muda mrefu hivyo hauwezi kuelezwa kwa ujinga wa watumiaji wake peke yake.

4.0 Nira ya Kichwa katika Nova Scotia: Pembe kama Zana

Jibu la fumbo hilo linaonekana vizuri zaidi katika jimbo la Nova Scotia, Kanada. Mji wa Lunenburg ulianzishwa mwaka 1753 na walowezi Waprotestanti waliotoka Ujerumani, Uswisi na eneo la Montbéliard. Katika sehemu hiyo ya jimbo, nira ya kichwa ilishika mizizi na bado inatumika katika mashindano ya maonyesho ya kilimo, wakati majirani wa New England, nchini Marekani, walifuata desturi ya Kiingereza ya nira ya shingo yenye upinde wa mti unaozunguka koo la mnyama.

Nira ya kichwa hukaa nyuma ya pembe, juu ya kisogo, na hufungwa kwa kanda ndefu za ngozi zinazozungushwa kwenye shina la pembe na kupita kwenye paji la uso. Mfumo huu una faida katika nchi ya vilima na misitu. Kichwa na nira huwa kitu kimoja, hivyo maksai anaweza kuzuia gari kwenye mteremko na kurudi nyuma na mzigo bila vifaa vya ziada. Kwa mtu anayetoa magogo msituni, uwezo huo ni usalama wa maisha yake na wa wanyama wake.

Faida hiyo ilidai gharama, na gharama ililipwa kwa utunzaji. Kwanza, nira ilichongwa kwa kipimo cha mnyama mmoja mmoja. Nafasi ya pembe na ya kisogo ilifuatwa kwa makini, kwa sababu pengo dogo lilitosha kuiruhusu nira icheze, na nira inayocheza huchubua ngozi iliyo shinani mwa pembe. Pili, mto uliwekwa kati ya kanda na paji la uso. Tatu, maksai kijana hakupewa mzigo mzito mpaka pembe zake zilipokomaa na kuwa nene. Alizoeshwa kwa vitu vyepesi, na nira yake ilibadilishwa kadiri alivyokua. Nne, ng'ombe mwenye pembe nyembamba au zilizoelekea vibaya hakuchaguliwa kwa kazi tangu mwanzo. Uteuzi huo ni aina ya utunzaji, kwa kuwa unazuia jeraha kabla halijatokea.

Katika New England, pembe haikuvuta mzigo, lakini haikupuuzwa. Vifuniko vya shaba vyenye umbo la tufe viliwekwa kwenye ncha za pembe. Vilikuwa pambo, na pia vilipunguza ukali wa ncha ili maksai wasichomane walipokuwa pamoja bandani. Wengine walitundika vizito kwenye pembe za wanyama wachanga ili kuzielekeza umbo lililotakiwa. Aidha, pembe ilibaki na kazi moja muhimu: gari lilipoteremka mlima, nira ilisogea mbele na kuzuiliwa na pembe. Maksai asiye na pembe, katika nira hiyo hiyo, angeweza kuvuliwa nira kichwani. Kwa hiyo waliowatumia ng'ombe wasio na pembe walilazimika kuwafunga mikanda ya nyuma inayopita mapajani ili wanyama waweze kuzuia mzigo.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo Columella hakulitilia maanani. Ubaya wa nira ya pembe si wa lazima katika kila hali. Nira hiyo huwa mateso inapofungwa na mtu asiye na ujuzi, na huwa zana bora inapochongwa na fundi anayemjua mnyama. Tofauti iko katika maarifa, na maarifa hayo hupotea upesi kuliko nira yenyewe.

5.0 India: Pembe Isiyovuta na Ugonjwa Wake

Ikiwa afya ya pembe ingetegemea nira peke yake, basi nchi zenye nira ya bega zingekuwa huru kutokana na maradhi ya pembe. India inakanusha hitimisho hilo. Ng'ombe wa India ni wa jamii ya zebu, mwenye nundu, na nira huwekwa mbele ya nundu. Pembe haivuti kitu. Hata hivyo, India ndiyo nchi ambayo saratani ya pembe imeandikwa zaidi katika maandishi ya udaktari wa mifugo.

Saratani hiyo huanzia kwenye tabaka hai lililo ndani ya pembe. Huwapata zaidi maksai waliohasiwa, wa umri wa kati hadi mkubwa, na kwa kawaida hushambulia pembe moja. Dalili zake za mwanzo ni kutikisa kichwa, kusugua pembe kwenye mti au ukuta, na kutokwa na damu kidogo katika tundu la pua la upande huo. Baadaye pembe hulegea, huinama, na huweza kudondoka, ikiacha uvimbe unaofanana na ua la koliflawa. Tiba ya kawaida ni kukata pembe yote pamoja na shina lake, na katika miongo ya karibuni dawa za saratani zimeongezwa.

Sababu zilizopendekezwa na watafiti ni nyingi: msuguano wa kamba na nira karibu na shina, kukwangua na kuchonga pembe, rangi zinazopakwa, jua kali, na mabadiliko ya homoni yanayotokana na kuhasiwa. Hakuna moja kati ya hizo iliyokubalika kuwa sababu pekee. Kinachomhusu mwanahistoria ni kwamba baadhi ya vinavyoshukiwa ni matendo ya heshima. Katika sikukuu ya Pola huko Maharashtra na ya Mattu Pongal huko Tamil Nadu, ng'ombe wa kazi huogeshwa, hupumzishwa, na pembe zao hupakwa rangi na kupambwa. Siku hizo ni shukrani ya mkulima kwa mnyama aliyemlimia. Zamani mapambo yalitokana na vitu vya nyumbani. Baadaye rangi za viwandani zilizokusudiwa mbao na chuma zikaanza kutumika.

Kwa hiyo India inaongeza sharti kwenye hoja ya insha hii. Kazi ya pembe hueleza aina ya majeraha ya mitambo, yaani kuchubuka, kulegea na kuvunjika. Haielezi maradhi yote. Pembe inaweza kudhurika na kamba ya kuongozea, kisu cha kuchongea, na hata pambo la kuisifia. Utunzaji unaotokana na mapenzi bila maarifa ya tabaka hai lililo chini ya ganda unaweza kuwa chanzo cha hatari.

6.0 Afrika Mashariki: Nundu, Kamba na Kazi Iliyofichika

Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye. Katika historia ya nira ya Afrika Mashariki methali hiyo ina ukweli wa kimaumbile. Ng'ombe wengi wa eneo hili ni zebu wadogo wenye pembe fupi. Pembe hizo hazina urefu wala unene wa kufungia nira ya kichwa, ilhali nundu hutoa kizuizi cha asili. Nira ya bega ilifaa tangu siku ya kwanza.

Umbo la nira iliyoenea lilifuata kwa sehemu kubwa ile ya magari ya maksai ya Afrika ya Kusini: mti mmoja ulionyooka, vijiti viwili vinavyoteremka kila upande wa shingo ya kila mnyama, na ukanda unaopita chini ya koo. Walowezi wa Kiafrikana walioingia kaskazini mwa Tanganyika, eneo la Arusha, mwanzoni mwa karne ya 20, na wale waliofika Uasin Gishu nchini Kenya mwaka 1908, walikuja na magari hayo pamoja na desturi zake. Mojawapo ya desturi hizo ilikuwa kuongoza jozi ya mbele kwa kamba iliyofungwa shinani mwa pembe na kushikwa na mtoto anayetangulia. Huko Teso, Uganda, plau ya ng'ombe ilianza kuenea kuanzia takriban mwaka 1910 pamoja na kilimo cha pamba. Katika Ukambani na Usukuma plau nayo ilipata nafasi katika miongo iliyofuata. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilihimiza wakulima watoke kwenye jembe la mkono wafikie jembe la kukokotwa na ng'ombe, kwa kuwa trekta lilikuwa nje ya uwezo wa wengi.

Katika historia hiyo yote pembe ilikuwa na kazi tatu. Kwanza, ilishika kamba ya kuongozea. Pili, ilisaidia kuizuia nira isivuke kichwa pale mkokoteni uliposukuma kutoka nyuma kwenye mteremko. Ukanda wa koo pekee ukibeba mzigo huo hukaba pumzi, na mnyama hujifunza upesi kuuogopa mteremko. Tatu, pembe ilimtambulisha mnyama: mfugaji aliwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa umbo la pembe, na majina mengi ya ng'ombe katika lugha za wafugaji wa eneo hili yanatokana na mambo hayo mawili.

Kwa kuwa kazi hizo hazikuonekana kuwa ngumu, mafunzo ya maksai yaliyotolewa na maafisa ugani yalijikita kwenye shingo na bega. Mkulima alifundishwa kulainisha nira, kukagua michubuko ya bega, na kupumzisha wanyama wakati wa jua kali. Kuhusu pembe, alifundishwa kidogo sana. Kamba ngumu ya katani au ya plastiki iliachwa imefungwa shinani usiku na mchana, hata kwa mnyama anayekua. Kamba inayobaki mahali pamoja hukusanya jasho na matope, huchubua ngozi laini inayozunguka shina la pembe, na kwa ndama wa kufundishwa huweza kuzama katika ngozi hiyo pembe inaponenepa. Alama za kamba zilizoonekana Bronocice zinaweza kutengenezwa katika kijiji chochote cha leo.

Hatari ya jeraha hilo ni kubwa zaidi katika nchi za joto. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara yuko nzi aitwaye kitaalamu Chrysomya bezziana, ambaye hutaga mayai kwenye vidonda vibichi. Funza wake hula nyama hai na kuchimba ndani. Jeraha dogo shinani mwa pembe, au pembe iliyokatwa wakati wa mvua nzi wanapokuwa wengi, linaweza kumwangusha maksai ambaye hakuwa na ugonjwa mwingine. Busara ya wafugaji ya kufanya kazi za kisu katika majira ya ukavu na baridi ina msingi wake hapo.

7.0 Mjadala wa Kuondoa Pembe

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, ushauri wa kuondoa vichipukizi vya pembe ulienea pamoja na ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Hoja zake ni nzuri. Ng'ombe wasio na pembe hawachomani bandani wala kwenye malori, ngozi zao hazina makovu mengi, na wanaowakamua wako salama zaidi. Kazi hiyo ikifanywa katika majuma ya mwanzo ya uhai, kabla kichipukizi hakijashikamana na fuvu, na kwa dawa ya kuzuia maumivu, jeraha ni dogo na hupona haraka.

Tatizo linaanza ushauri huo unapohamishiwa kwa maksai bila kubadilishwa. Ndama dume wa kienyeji mara nyingi hajulikani kama atakuwa maksai mpaka afikie umri wa kufundishwa. Akionekana mkali wakati huo, kinachofanyika ni kukata pembe iliyokomaa kwa msumeno, mara nyingi bila ganzi. Kwa wakati huo uwazi wa hewa wa fuvu umekwisha kufika ndani ya pembe. Jambo linaloitwa kwa jina moja, yaani kuondoa pembe, linakuwa kwa kweli matendo mawili tofauti: moja ni jeraha la juu juu la ndama, jingine ni upasuaji unaofungua fuvu la mnyama mzima.

Upande wa kazi nao una uzito wake. Maksai asiye na pembe anaweza kulima shamba la tambarare bila shida, kwa sababu plau haisukumi kutoka nyuma. Mkokoteni husukuma. Katika maeneo ya vilima, mkulima anayemwondolea maksai pembe huondoa pia sehemu ya breki yake. Wakulima wa Marekani waliotumia ng'ombe wasio na pembe walilijua hilo na wakaweka mikanda ya nyuma badala yake. Ushauri unaotaja faida ya kuondoa pembe bila kutaja mikanda hiyo umemwachia mkulima nusu ya maarifa, na nusu iliyobaki atajifunza mteremkoni.

Inaweza kupingwa kwamba maksai wenye pembe huumiza watu, hasa watoto wanaowatangulia. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, historia inaonyesha njia za kati. Ncha inaweza kupigwa tupa ndani ya mipaka ya sehemu isiyo na damu. Ncha inaweza kufunikwa, kama ilivyofanywa New England. Maksai waliozoeshwa vizuri huongozwa kwa sauti, na mtoto hahitaji tena kutembea mbele ya pembe. Njia hizo ni za gharama ndogo, na hazimnyimi mnyama zana aliyozaliwa nayo.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba pembe za ng'ombe wa kazi zilitunzwa vizuri zaidi mahali ambapo kazi ilizitegemea waziwazi. Mchongaji wa nira wa Nova Scotia hakuweza kuipuuza pembe, kwa sababu pembe mbovu ilimaanisha mzigo usiovutwa. Mkulima wa Afrika Mashariki aliweza kuipuuza kwa muda, kwa sababu nundu ilibeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini kazi iliyobaki, ya kushika kamba na kuzuia mteremko, haikuisha. Ilikosa tu jina katika mafunzo rasmi. Mfano wa India umeonyesha mpaka wa hoja hii, kwamba pembe isiyovuta inaweza kuugua vilevile, na kwamba sifa na mapambo si kinga.

Mambo matatu yanafuata kwa watakaoendeleza utafiti. La kwanza ni kwamba historia ya zana za kilimo haikamiliki bila mwili wa mnyama aliyezivuta. La pili ni kwamba mifupa na maganda ya pembe yaliyohifadhiwa katika makumbusho na machinjio ni chanzo cha historia ya uchumi wa vijijini ambacho kinaweza kusomwa, kama alama za Bronocice zilivyosomwa. La tatu ni la kivitendo: mafunzo ya maksai yakijumuisha kulegeza na kufungua kamba kila jioni, kukagua joto na harufu shinani mwa pembe, kuepuka kisu wakati wa nzi, na kuandaa mkanda wa nyuma kwa maksai asiye na pembe, yatakuwa yamerudisha kwa mkulima maarifa ambayo wakulima wa nchi nyingine waliyapata kwa gharama ya wanyama wao.